Karafuu Hupimwa, Mwani Hupimwa. Mtu Mzima Je?

Pemba hapana mtu asiyejua maana ya mizani. Karafuu ikishakauka hutiwa magunia ikapelekwa kituo cha ZSTC, na huko mwenye mali husimama karibu, jicho halibanduki katika kipimo, kwa kuwa ajua kilo moja ikipotea ni jasho lake limepotea. Mwani waulimao wanawake katika maji ya bahari nao hupimwa kabla ya kuuzwa. Mtoto mchanga hupelekwa kliniki akatiwa mizanini, na uzito wake ukaandikwa katika kadi, mwezi baada ya mwezi, mpaka atimize miaka 5. Baada ya hapo kadi ile hufungiwa sandukuni. Ukimtoa mama aliye mja mzito, mtu aweza kukaa miaka 40 asipimwe na mtu yeyote, mpaka siku aangukapo kwa kiharusi akachukuliwa hospitali hali hajiwezi.

Juu ya miaka hiyo 40 ndipo tunapotaka kusema leo.

Wako watakaotuuliza: Je, katika visiwa ambamo bado wapo watoto waliodumaa kwa lishe duni, ni haki kuzungumza habari ya watu wanene? Twajibu kwamba ni haki, kwa sababu mambo haya mawili siku hizi hulala katika nyumba moja. Shirika la Afya Duniani limesema kuwa mwaka 2022 mtu mmoja katika kila watu 8 wa ulimwengu alikuwa na unene wa kupindukia. Nchini Tanzania, uchunguzi wa afya uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa wanawake 28 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Mijini walikuwa 42 katika 100, vijijini 21. Basi mtu wa shamba na asidhani kwamba yeye ameokoka, maana mmoja katika kila watano si idadi ya kupuuzwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa urefu wa mita 1.60 akifikia kilo 64, amegusa 25, na hapo ndipo panapoanza uzito uliozidi. Akifikia kilo 77 amepita 30, na huo ndio unene wa kupindukia. Mwili wa namna hiyo hufungulia mlango ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu, nayo ni maradhi yasiyobisha hodi. Lakini kuna habari njema: mtu wa kilo 80 akipungua kilo 4 au 5 tu, tayari damu na moyo wake huanza kupata nafuu.

Tukubali pia kwamba katika desturi zetu unene haukuwa aibu. Tukionana na ndugu aliyerejea safari twamwambia, "Umenawiri," naye hufurahi. Waliowahi kuona njaa wanayo haki ya kuupenda mwili ulioshiba. Basi jambo hili halitaki kejeli wala kidole cha lawama. Mwanamke ashindaye na maji ya bahari magotini akifunga mwani si mvivu. Wala mchukuzi wa bandarini si mvivu. Kilichobadilika ni chungu. Muhogo, ndizi, mboga na samaki vimepunguzwa nafasi, na mahali pake pameingia unga mweupe, sukari, soda na mafuta yaliyovuka bahari, vitu ambavyo ni rahisi kupatikana dukani na vyepesi kupikwa na mtu aliyechoka kwa kazi.

Nchi nyingine zimeanza kuitumia simu katika kazi hii. Uingereza, mwaka 2021, huduma ya afya ya umma ilianzisha mpango wa kupunguza uzito kwa njia ya kidijitali. Mtu mwenye unene wa kupindukia, ambaye pia ana sukari au shinikizo la damu, huandikiwa na daktari wake au mfamasia, akapewa mafunzo ya wiki 12 kwa simu au kompyuta juu ya chakula, mazoezi na mwenendo, pasipo kulipa. Senegal, nchi ya Waafrika na Waislamu wengi kama sisi, mwaka 2014 ilianza kuwapelekea wenye ugonjwa wa sukari ujumbe mfupi wa simu, ili wajue namna ya kujitunza katika mwezi wa Ramadhani. Mambo haya ni mazuri, nasi twayasifu.

Lakini je, yatafaa yakichukuliwa kama yalivyo yakatuliwa Kisiwa Panza?

Kisiwa hicho kipo kusini ya Pemba, katika Wilaya ya Mkoani, na mwenye kukiendea huvuka kwa chombo. Wenyewe ni wavuvi na wakulima. Katika nyumba ya mvuvi simu ikiwa ni moja, huenda baharini pamoja na baba. Mafunzo ya wiki 12 yatakaa katika mfuko wa kanzu, na yule apikaye hatayaona.

Tena Kisiwa Panza kimetufundisha somo kwa machozi. Novemba 2021 watu 7 walifariki Pemba baada ya kula nyama ya kasa iliyokuwa na sumu. Onyo likatolewa, na ulaji wa kasa ukapigwa marufuku. Machi 2024 msiba ukarudi, ukakifika Kisiwa Panza: watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Hatusemi haya kuwalaumu wafiwa. Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wao. Twasema ili kila mwenye madaraka afahamu kwamba tangazo lililotolewa mbali si sawa na maarifa yaliyokaa jikoni. Ikiwa onyo la sumu iuayo kwa siku chache laweza kusahauliwa, ujumbe juu ya sukari katika chai, ambayo hudhuru mwili pole pole kwa miaka 20, utasahauliwa mara ngapi?

Bahati njema, Zanzibar haina haja ya kuanza upya. Wizara ya Afya, pamoja na shirika la D-tree, imeunda mpango uitwao Jamii ni Afya, ambao mwaka 2021 ulifika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba. Wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 wamepewa simu yenye programu maalumu. Mhudumu ni jirani. Huingia nyumba hadi nyumba, simu ikamwongoza swali baada ya swali, ikamkumbusha dalili za hatari na kumwonyesha ni nani wa kupelekwa kituo cha afya. Kazi hii ililengwa kwa mama na mtoto. Hapa simu haikuchukua nafasi ya mtu. Imemtia mtu nguvu. Nasi twaona hiyo ndiyo njia itufaayo.

Basi rai yetu ni hii. Kwanza, mhudumu aingiapo nyumbani kumtazama mtoto, amtazame na baba na mama na bibi. Apewe mizani ya watu wazima, utepe wa kupimia kiuno na mashine ya shinikizo la damu, na programu ya simu yake iongezwe maswali yanayohusu watu wazima. Mafunzo nayo yawe ya chungu cha Pemba: namna ya kupunguza mafuta bila kuharibu ladha, na namna ya kufuturu bila kuulemea mwili.

Pili, siri ya mtu ilindwe. Uzito wa mke wa fulani usiwe hadithi ya barazani. Siku watu watakapogundua kwamba yaliyoandikwa katika simu yanatembea mtaani, milango itafungwa, na haitafunguliwa tena.

Tatu, neno "kujitolea" lisiwe kisingizio. Anayetembea juani kutwa nzima kwa ajili ya afya za watu ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana haki ya posho iliyo stahili ifikayo kwa wakati, simu inayofanya kazi na mahali pa kuichaji. Mzigo ukiongezwa, na ujira uongezwe.

Nasi wanachama na wafanyakazi tunao wajibu wetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu yalitangazwa kuwa bure, ili maskini asife kwa kukosa fedha. Ahadi ile haitimii ikiwa mgonjwa ataonwa na daktari siku ya kuanguka tu. Kila tawi lenye ukumbi laweza kutenga siku moja ya mwezi, mhudumu akaja na mizani yake, na viongozi wakawa wa kwanza kupanda. Mwenyekiti akipimwa mbele za watu hapana atakayeona haya.

Karafuu hupimwa kwa sababu ina thamani. Aliyeichuma naye apimwe.