Uzi wa Nne Haukukosewa

Wapo walimu wanaoliona gita la nyuzi nne kuwa gita pungufu, kana kwamba fundi aliishiwa na nyuzi kabla ya kuikamilisha kazi yake. Mwanafunzi akileta ukulele darasani, huambiwa auteremshe uzi wa nne, ati uko juu mno. Mimi ni mtu wa isimu, si wa muziki. Hata hivyo, hoja hii naifahamu vyema: ndiyo iyo hiyo inayotumiwa kumkemea mtoto wa Mombasa asemaye "ndia" mahali pa "njia", ilhali Kimvita kina kanuni zake na hakikuzaliwa na Kiswahili sanifu.

Ukulele hulinganishwa so, do, mi, la. Aliyezoea nyuzi sita hutarajia so hiyo iwe ya chini kuliko zote. Sivyo. Iko juu ya do na mi, nayo imepitwa na la kwa hatua moja tu. Mkono ukizipapasa nyuzi, sauti huanza juu, ikashuka, kisha ikapanda tena. Huko ndiko kurukaruka kwa mlio wake. Wapo wapigaji wanaouteremsha uzi huo, nao wana haki. Lakini hilo ni chaguo lao, si sahihisho.

Asili yake ni Madeira, kisiwa cha Wareno. Mwaka wa 1879 meli iitwayo Ravenscrag iliwafikisha Honolulu wahamiaji, wakiwamo maseremala Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kutokana na ala za kwao waliunda ile ambayo Wahawaii waliipa jina linalofasiriwa kuwa kiroboto arukaye.

Nchini Venezuela kuna cuatro, yaani "nne" kwa Kihispania. Huko, uzi wa mwisho ndio ulioshushwa, na wanaojifunza hukumbuka mlinganisho kwa kuimba "cambur pintón", ndizi inayoanza kuiva, silabi moja kwa kila uzi. (Cuatro ya Puerto Rico sasa ina nyuzi kumi, na bado inaitwa nne! Sisi wanaisimu hufurahia mambo kama hayo.)

Ukulele mkubwa, ule wa baritoni, kwa kawaida hulinganishwa sawasawa na nyuzi nne nyembamba za gita la kawaida. Huo sijasikia mwalimu akiusahihisha.