Injini ya dizeli: Msalato yapima hasara na faida

MSALATO, Dodoma - Mfanyabiashara anayepeleka mifugo kwenye mnada wa Jumamosi hupata hasara mara mbili gari lake likianza kutoa moshi wa bluu: oili inaungua, na siku ya soko gari limelala.

Wengi huamua kushusha injini uani ili kukwepa gharama za gereji. Kwa Toyota 3L, yenye silinda 4 na ujazo wa cc 2,779, kufungua, kuosha na kufunga huwezekana nyumbani. Kuchonga silinda, kusaga krenki na kusawazisha hedi ni kazi ya mashine mjini.

Hapo ndipo mtaji hupotea. Dizeli huwaka kwa joto la mgandamizo, takriban 22 kwa 1. Ringi mpya katika silinda iliyolika haizibi, na asubuhi gari hugoma kuwaka. Vumbi la kiangazi likiingia kwenye beringi, kazi huanza upya.

Kwa mwenye mtaji mdogo, silinda zipimwe kabla ya kununua spea. Zikiwa zimelika kupita pistoni ya ovasaizi ya mwisho, afadhali kuulizia bei ya injini iliyotumika.