Kufuli la gemu hununua wiki, halinunui wateja

Mwenye king'amuzi cha DStv sebuleni ana undugu wa mbali na vita vya uharamia wa gemu za kompyuta, hata kama hajawahi kushika padi. Teknolojia inayozima chaneli zake malipo yakiisha ni ya Irdeto, kampuni ya Uholanzi iliyokulia ndani ya familia ya MultiChoice. Januari 2018 Irdeto iliinunua Denuvo ya Austria, watengenezaji wa kufuli linalowatoa jasho wavunja gemu kuliko mengine yote. Biashara ya kumfungia asiyelipa ni ileile, kwenye televisheni na kwenye kompyuta.

Tofauti ni kwamba king'amuzi hufungwa kila mwezi, ilhali gemu ikishavunjwa mara moja imevunjwa. Mtu mmoja akifanikiwa, nakala yake husambaa intaneti nzima kwa saa chache. Kwa hiyo mtaalamu wa kazi hii hajiulizi kama kufuli litavunjwa. Anajiuliza litadumu siku ngapi.

Tuliyoyaona kwenye vibanda vya gemu ni makufuli ya kizamani. Kwenye santuri ya PlayStation ya kwanza, ile ya 1994, Sony iliifanya njia inayosomwa na leza iyumbe kidogo karibu na kitovu, na myumbo huo ulibeba herufi nne za kutaja eneo la mauzo: SCEE kwa Ulaya, SCEA kwa Marekani, SCEI kwa Japani. Mashine ya kawaida ya kuchoma CD haiwezi kuandika myumbo wa namna hiyo, ndiyo maana CD ya kuchoma ilikataa. Chipu aliyoichomelea fundi kwenye mashine ili kulipita kufuli hilo haikuvunja chochote. Ilituma tu zile herufi kwa niaba ya santuri, na mashine ikaamini. Kufuli la Sony likashindwa na kipande kidogo kuliko ukucha.

Baada ya hapo watengenezaji wa gemu wakahamishia ulinzi ndani ya gemu zenyewe. Mfano ninaoupenda ni Spyro: Year of the Dragon ya 2000, kazi ya kampuni ya Insomniac ya Marekani. Gemu iliyotangulia katika mfululizo huo ilivunjwa ndani ya takriban wiki moja. Safari hii waandishi wa programu walitawanya ukaguzi kila mahali: sehemu moja ya programu inakagua nyingine, na hiyo nayo inakaguliwa. Gemu ikigundua imechezewa haizimiki. Inaendelea, lakini mayai na vito ulivyokusanya vinapotea, lugha inabadilika yenyewe, na ukifika kwa adui wa mwisho unarudishwa mwanzo na kumbukumbu yako imefutwa. Ujanja uko hapo. Gemu inayogoma kuwaka humwonyesha mvunjaji mahali pa kutafuta. Gemu inayoharibika polepole humlazimisha aicheze yote, tena na tena, kabla ya kuapa kwamba amemaliza kazi.

Ulinzi huo ulidumu miezi miwili na kidogo. Ukiona ni ushindi mdogo, tazama hesabu ya watengenezaji wenyewe: gemu nyingi hufanya kati ya asilimia 30 na 50 ya mauzo yake yote ndani ya miezi miwili ya kwanza.

Denuvo, iliyoanza kuonekana 2014 kwenye gemu kama FIFA 15, inauza bidhaa hiyohiyo, yaani muda. Inachukua baadhi ya sehemu za programu ya gemu, inazifumba kwa namna isiyosomeka kirahisi, kisha inazifunga na kompyuta moja kwa ruhusa inayotoka kwenye seva. Utafiti mmoja uliochapishwa 2024, uliochunguza gemu 86 zenye kufuli hilo, ulikadiria kwamba gemu ikivunjwa mapema sana baada ya kutoka hupoteza wastani wa asilimia 20 ya mapato. Ikivuka wiki 12 bila kuvunjwa, hasara inakaribia sifuri. Ndiyo sababu kampuni kadhaa huliondoa kufuli zenyewe msimu wa mauzo ukipita. Doom ilitoka Mei 2016, na Desemba ya mwaka huo Denuvo ilikwishaondolewa.

Bili ya haya yote hulipwa na mteja mwaminifu. Machi 2010 Ubisoft ilitoa Assassin's Creed II ya kompyuta kwa sharti kwamba mchezaji awe kwenye intaneti muda wote, hata akicheza peke yake. Wiki hiyohiyo seva za kampuni zilishambuliwa, na watu waliolipa bei kamili wakabaki wanatazama kioo. Ubisoft baadaye ililegeza sharti lenyewe, na ilistahili aibu ile.

Waliofikiri tofauti walikuwa Poland. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 gemu za kompyuta Warszawa ziliuzwa sokoni, kwenye meza, nyingi zikiwa kopi. Vijana wawili waliokuwa wakiuza gemu katika mazingira hayo, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, walifungua kampuni ya CD Projekt mwaka 1994. Mwaka 1999 walichukua Baldur's Gate, gemu ndefu yenye CD tano, wakaitafsiri yote kwa Kipolandi, wakaiingizia sauti za waigizaji wa nyumbani, na ndani ya boksi wakaweka ramani na vitu vingine ambavyo mwenye meza ya kopi asingeweza kuvitoa. Gharama ya kudurufu CD tano nayo ilimpunguzia haramia faida. Siku ya kwanza ziliuzwa nakala 18,000, katika nchi ambayo wengi waliamini haina mnunuzi wa gemu halali. Kampuni hiyohiyo ilikuja kutengeneza The Witcher 3, ikaitoa 2015 kwenye kompyuta bila kufuli lolote, na kufikia 2023 gemu hiyo ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 50. Si malaika, mwaka 2011 waliwatumia Wajerumani barua za kudai fidia kwa tuhuma za kupakua kopi, kisha wakaacha baada ya kelele za wateja.

Somo la Poland wengi hulisoma nusu. Husema: punguza bei. Baldur's Gate ya Kipolandi haikuwa rahisi. Iliuzika kwa sababu mteja alipata lugha yake, duka karibu naye, na kitu bora kuliko kopi.

Sasa tujitazame. Mei 2024 gemu ya Helldivers 2, inayosambazwa na Sony, iliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170 kwa sababu hazina huduma rasmi ya PlayStation Network. Kenya na Tanzania hazina huduma hiyo. Kijana wa Nairobi anayetaka kulipa hujiandikisha kama mkazi wa Afrika Kusini au Uingereza, akanunua kadi ya zawadi ya nchi hiyo, akiomba Mungu akaunti isifungwe. Mwenzake anayechukua kopi hukaa mezani mapema zaidi.

Kopi ni kosa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda kitabu. Lakini kufuli humgeuza mteja yule tu ambaye alikuwa na mahali pa kulipia. Wiki 12 za Denuvo hazileti hata shilingi moja kutoka mji usio na duka. Sony ifungue huduma yake Dar es Salaam na Nairobi, ipokee M-Pesa, ndipo tukae tuhesabiane hasara.