Yakutia: Kweli au Uongo?

Baridi kali husimamisha safari. Uongo, na ni kinyume chake. Yakutsk, mji mkuu wa Yakutia huko Siberia, uko ng'ambo ya pili ya mto Lena kwa msafiri atokaye kusini kwa barabara, na hadi 2024 mto huo ulikuwa bado hauna daraja hapo. Kiangazi magari huvushwa kwa pantoni. Mto ukishaganda sawasawa, malori hupita juu ya barafu yenyewe, alama za barabarani zikiwa zimesimikwa pembeni. Balaa ni miezi ya katikati, barafu inapoanza kushika au inapomeguka: pantoni haipiti, lori halithubutu, na bidhaa za dukani hupanda bei. Mwenye haraka na asubiri Januari.

Huko ni baridi mwaka mzima. Uongo. Januari joto hushuka hata kupita nyuzijoto 40 chini ya sifuri, lakini tarehe 20 Juni 2020 mji wa Verkhoyansk ulifikia nyuzijoto 38. Na mbu wa kiangazi, tusiwazungumzie.

Theluji hufukia nyumba. Uongo. Hewa ni kavu. Mvua na theluji ya Yakutsk kwa mwaka haifiki nusu ya mvua ya Dodoma.

Ardhi haiyeyuki. Kweli, isipokuwa tabaka la juu. Kati ya 1828 na 1837 mfanyabiashara Shergin alichimbisha kisima Yakutsk. Kilipita mita 100, na chini bado kumeganda. Ndiyo maana majengo husimama juu ya nguzo, hewa baridi ipite chini yake. Joto la jikoni likiifikia ardhi, nyumba huzama.

Wenyeji wote huchunga kulungu wa kaskazini. Uongo. Hiyo ni kazi ya Waevenki na Waeveni hasa. Wasakha, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kituruki, ni watu wa ng'ombe na farasi. Ng'ombe hulala zizini. Farasi hubaki nje, wakifukua majani chini ya theluji kwa kwato.

Mgeni hulishwa samaki mbichi. Kweli, naye ashukuru. Samaki aliyeganda huparuzwa kwa kisu kikali, vipande vikajikunja vyembamba, vikachovywa kwenye chumvi na pilipili manga; huliwa kabla havijayeyuka. Sokoni samaki hao husimamishwa wima kwenye makasha, wagumu kama kuni, bila jokofu. Ukitaka kumpiga picha muuzaji, omba ruhusa kabla hujatoa simu mfukoni, maana betri haitasubiri mjadala.