UTARATIBU WA KAZI KWA VIPINDI VIFUPI: FUNZO KUTOKA KAGERA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa kazi nyingi za umma hukwama si kwa uhaba wa fedha pekee, bali kwa kutojulikana nani anafanya nini na amefikia wapi. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni hivyo hivyo.

Mfano ulio wazi ulionekana mkoani Kagera mwaka 2023. Tarehe 21 Machi Wizara ya Afya ilitangaza kuwa maradhi yaliyozuka Bukoba ni homa ya Marburg. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, kabla ya kurejea kijijini kwake. Kufikia siku hiyo watu 8 walikwishaugua na 5 kati yao kufariki. Watu 161 waliotangamana nao walikwisha kuorodheshwa.

Maradhi hayo hayakuwa na chanjo iliyoidhinishwa; silaha kubwa ilikuwa orodha. Kwa kuwa dalili huweza kuchelewa hadi siku 21, kila aliyetangamana na mgonjwa hufuatiliwa kila siku kwa muda huo. Jina huandikwa, mtumishi hupangiwa, hali ya mhusika huchunguzwa na majibu hutiwa katika orodha siku ile ile. Jina moja likisahauliwa, mlango mmoja umeachwa wazi. Baada ya mgonjwa wa mwisho kuthibitika kuwa hana tena virusi zilihesabiwa siku 42, na tarehe 2 Juni 2023 mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Wagonjwa walikuwa 9, na waliofariki 6.

Maarifa ya namna hiyo yamo pia katika mtindo wa kazi uitwao ajaili, ambao misingi yake iliandikwa na watengenezaji 17 wa programu za kompyuta huko Marekani mwaka 2001. Katika tawi lake liitwalo skramu, kazi kubwa hugawanywa katika vipindi visivyozidi mwezi mmoja, viitwavyo sprinti. Utaratibu wake ni huu:

1. Kazi zote huorodheshwa kwa kufuata umuhimu wake.
2. Timu huchagua zile inazoweza kuzimaliza katika kipindi kimoja.
3. Kila siku hukutana kwa dakika 15 kuangalia maendeleo na vikwazo.
4. Mwisho wa kipindi matokeo huoneshwa wahusika, na timu hujisahihisha.

Kumbukumbu huweza kuwekwa katika programu kama Jira au Trello, ambamo kila kazi ni kadi inayohamishwa kutoka safu ya "Bado" kwenda "Inaendelea", hadi "Imekamilika". Ofisi isiyo na kompyuta yaweza kutumia ubao na chaki. Kinachotakiwa ni kuwa wote wauone.

Tahadhari ni mbili. Kila kadi iwe na jina la mtu mmoja anayewajibika, kwani kazi ya wote huishia kuwa si ya yeyote. Pia maana ya "imekamilika" ikubaliwe mapema. Barua iliyoandikwa lakini haijamfikia mwananchi haijakamilika, kama vile aliyefuatiliwa siku 20 alivyobakiwa na siku moja.

Wakuu wa idara wanahimizwa kuanza na kazi moja na kipindi cha wiki mbili, kisha wapime faida yake.