Vijana wa Nchi ya Theluji

Sisi huku pwani, kusi likivuma usiku, hutafuta shuka ya pili na asubuhi tukasimuliana baridi. Basi natuwatazame vijana wa Kiinuit wa Nunavut, kaskazini ya Kanada. (Msomaji asidhani ni mbali mno nasi: Iqaluit, mji wao mkuu, una msikiti tangu 2016.) Huko Igloolik jua hupotea mwishoni mwa Novemba, lisionekane tena hadi katikati ya Januari, na nyuzi 30 chini ya sufuri ni jambo la kawaida.

Kijana hatoki kuwinda mpaka afundishwe. Huvaa ngozi mbili za kulungu wa huko, ya ndani manyoya yakielekea mwilini, ya nje yakielekea upepo. Tena huonywa asijitoe jasho, kwani nguo ikiloa huganda.

Elimu ngumu ni ya nyumba. Mzee huichoma theluji kutafuta iliyoshindiliwa na upepo, maana iliyo laini humeguka. Huikata matofali kwa kisu kirefu, akayapanga kwa mzunguko yakipanda na kuinamia ndani, mpaka kuba likajifunga. Mlango huwa chini kuliko kitanda, kwa kuwa hewa baridi hutuama chini. Juu hutobolewa tundu. Pasipo tundu, hewa mbaya ya taa yaweza kuwaua waliolala. Taa yenyewe, qulliq, ni ya jiwe, mafuta yake ni ya sili, na utambi ni sufi ya nyasi za huko.

Elimu hii ilikaribia kukatika. Karne iliyopita watoto wengi walitiwa shule za bweni wakakatazwa lugha yao, jambo ambalo serikali ya Kanada ililiombea radhi mwaka 2008. Wako waliorudi wasiweze kusemezana na wazazi wao, seuze kurithi ujuzi. Leo wajukuu ndio waketio mbele ya wazee.

Lakini barafu ya bahari nayo imebadilika. Huchelewa kuganda na huvunjika mapema. Kijana ana chombo cha setilaiti cha kumwonyesha njia, ila hakimwambii unene wa barafu, na betri huishiwa upesi kwa baridi. Wavuvi wetu waliozoea mashine wakazisahau nyota watanielewa. Kwa hiyo mzee hutangulia na chusa, akipiga mbele ya mguu wake. Chusa ikipenya kwa pigo la kwanza, wote hurudi nyuma.