Kusafisha vipuri kwa vifaa vya kujitengenezea: jikinge na petroli

Malaba ni mji wa malori. Magari ya mizigo kutoka Mombasa kwenda Kampala na kwingineko hupita hapo, na mafundi wa pande zote mbili za mpaka hufungua na kusafisha vipuri kando ya barabara. Busia, mji jirani, ndiko bodaboda ilikoanzia miaka ya 1960, kwa baiskeli. Mapema mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi ziliwafanya Wakenya wengi wavuke mpaka huo na kupokelewa kituo cha Mulanda, wilaya ya Tororo. Mtu anaweza kuacha nyumba na duka, lakini ufundi wake huvuka naye.

Fundi asiye na karakana hujitengenezea vifaa. Vifaa hivyo si vibaya. Hatari kubwa iko kwenye petroli anayosafishia.

Vifaa vinavyofaa

• Beseni: dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni. Lisitumike tena kwa maji wala chakula.
• Chujio: kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, kikaliwekwa ndani ya beseni juu ya mawe mawili. Uchafu huzama chini, vipuri hubaki juu.
• Brashi: mswaki mkuukuu kwa cheni na gia.
• Waya laini wa shaba kwa vitundu vya kabureta. Spoku ya chuma huvipanua.
• Pampu ya baiskeli ya kupulizia kabureta. USIPULIZE WALA KUNYONYA KWA MDOMO.

Kwa nini petroli ni hatari?

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata penye baridi kali. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini mpaka kwenye jiko la jirani au kipande cha sigara, kisha moto hurudi hadi kwenye beseni. Pia petroli ina benzini, kemikali inayoweza kuleta saratani ya damu kwa mtu anayeivuta kwa miaka mingi. Mikononi hukausha ngozi na kuipasua.

Tumia nini badala yake?

1. Kwanza kwangua grisi kwa kijiti na ufute kwa tambara.
2. Osha kwa maji moto na sabuni ya unga. Kausha kipuri vizuri, kisha kipake oili kisishike kutu.
3. Grisi ikikataa, tumia mafuta ya taa kidogo, nje penye hewa, mbali na moto. Nayo huwaka yakipata joto la nyuzi 38 hivi, basi usiyaache juani.
4. Acha mafuta yaliyotumika yatulie usiku kucha, kisha mimina yaliyo safi na uyatumie tena. Tope lisimwagwe karibu na kisima wala mtoni.
5. Vumbi la breki lisipulizwe hata kwa pampu. Lilowanishe, kwani huenda lina asbesto, inayodhuru mapafu.
6. Paka mikono mafuta ya kupikia, kisha nawa kwa sabuni. Usinawe kwa petroli.

Huduma ya kwanza

Mtoto akinywa mafuta ya taa au petroli: USIMTAPISHE, wala usimpe maziwa. Akitapika, mafuta huingia kwenye mapafu na kuleta nimonia kali. Mpeleke kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Mafuta yakiingia machoni: suuza kwa maji safi kwa dakika 15 au zaidi.

Akiungua: mwagia maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, samli wala majivu. Usibandue nguo iliyoganda. Kisha mpeleke kituo cha afya.

Kumbuka: usiweke mafuta kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua kilichomo.